Nyumba Moja, Vyumba Vitatu



Leo tumeweka pembeni shela, hina na singo. Tunataka tuzungumze juu ya kompyuta. Tunajua wengine mshaanza kunyanyuka. Kaeni kitako kidogo, maana habari hii inahusu picha zenu, na wewe unayeolewa Mfunguo Mosi huu inakuhusu zaidi kuliko mtu mwengine yeyote.

Sisi ni wanawake watatu wa chumba kimoja cha kushonea hapa Unguja mjini. Mkubwa alisoma kozi ya ushonaji baada ya kumaliza skuli, mdogo wake ndiye anayekaa kwenye mashine ya kutarizi, na wifi yetu anashika daftari la fedha. Tunashona nguo za ndoa, za kutolewa nje, na za mama wa bi harusi. Baadhi ya wateja wetu wanaishi hapa hapa, na baadhi wako Muscat na Dubai, ndugu zetu waliokwenda huko, wanataka nguo ya kwao kwa mkono wa kwao.

Kazi hii ina picha nyingi. Bi harusi akija kujaribu nguo huwa hana mtandio wala baibui. Bega liko wazi, mgongo uko wazi kwa sababu zipu bado haijatiwa. Tunampiga picha mbele, nyuma na ubavuni, ili mkataji aone bega limekimbilia wapi na kiuno kinahitaji kupunguzwa wapi. Zamani mwili wa bi harusi aliuona kungwi wake na fundi wake, basi. Siku hizi simu nayo inauona, na simu haina haya.

Yaliyotufika

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kompyuta moja tu, ya mkononi. Ndani yake mlikuwa na kila kitu. Programu ya kuchorea nakshi za kutarizi, hesabu zetu, picha za kupimia, katuni za watoto, na kila kilichotoka kwenye flashi za wateja. Tuliiona ni neema, na ilikuwa neema kweli. Tulichokosa ni mpangilio.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani, harusi zimesongamana kuiwahi Ramadhani. Tulitaka kuchapisha kadi za bei, tukaziweka kwenye flashi, tukampa mtoto aipeleke dukani. Flashi ile ile ndiyo tuliyoitumia siku mbili kabla kuhamishia picha kutoka simu moja. Hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Aliyekuwa akichapisha akafungua pasipomhusu, akaangalia, akachukua. Baada ya siku chache picha moja ikafika kwenye simu ya kaka wa bi harusi mwenyewe.

Mama yake alikuja asubuhi pamoja na yeye. Mama alisema mengi, na yote alikuwa na haki nayo. Binti alikaa kwenye stuli karibu na mlango, hakulia, hakupandisha sauti. Aliuliza suala moja tu: "Wameziona wangapi?"

Hatukuwa na jawabu. Mpaka leo hatunalo. Alichukua nguo yake ikiwa na mkono mmoja umetiwa na wa pili haujatiwa, akenda kuimalizia kwa fundi mwengine. Pesa yake tulimrejeshea yote. Pesa ndiyo iliyokuwa nyepesi kurejesha.

Sote tumefundishwa chuoni masharti ya toba. Uache lile jambo, ujute, uazimie kutorudia, na kama kuna haki ya mja umrejeshee mwenyewe. Hilo la nne ndilo lililotukalia kooni. Picha iliyokwishaonekana unairejesha vipi? Tulimwomba radhi, tulimwendea mara mbili. Kilichobaki mikononi mwetu ni lile la tatu, kutorudia. Na kutorudia hakutoshi kusemwa kwa mdomo. Kunataka kitasa.

Njia tulizojaribu kwanza

Kwanza tuliacha kupiga picha kabisa. Tulidumu nao mwezi mmoja. Nguo mbili zikarudi, bega moja limepanda, na mteja wa Muscat hakuweza kuja kujaribu kwa mara ya pili. Tukaona hasara inaanza kuwa ya kwao pia.

Pili, tulifikiria kununua kompyuta tatu, kila kazi na yake. Wifi yetu alifungua daftari, akalifunga bila kusema kitu. Tukaelewa.

Tatu, tuliambiwa tuweke mifumo endeshi miwili kwenye ile kompyuta moja. Kwa asiyejua, mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyengine zote, kama Windows au Linux. Mkiweka miwili, kompyuta ikiwaka inakuulizeni leo mnataka upi. Tulifanya hivyo, Windows kwa kutarizi na Linux kwa picha. Taabu ikaja mara mbili. Ya kwanza, huwezi kuwa kwenye mifumo yote miwili kwa wakati mmoja. Mmoja anatarizi, mwengine anataka kuangalia picha ya kiuno, basi lazima kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Tuligundua kuwa ukiwa ndani ya Linux unaweza kufungua sehemu ya diski ya Windows na kusoma mafaili yake kama kawaida. Ni sawa na chumba kilichokodishwa kwa watu wawili, mmoja mchana na mmoja usiku. Hawakutani, lakini kila mmoja anaweza kupekua sanduku la mwenziwe.

Ndipo mtoto wa kaka yetu, anayesomea kompyuta chuo kikuu, aliporudi likizo akatukuta tunalalamika. Akasema, "Shangazi, hamhitaji kompyuta tatu. Mnahitaji nyumba moja yenye vyumba vitatu, na kila chumba kina mlango wake."

Mashine ndani ya mashine

Alitutafutia kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, yenye kori nne na memori ya GB 16, tukaitia diski mpya ya kasi ya GB 500. Bei yake haikufika hata nusu ya mashine mpya ya kutarizi. Hiyo ndiyo seva yetu ya nyumbani. Iko kwenye rafu juu ya vitambaa vya bitana, haina skrini wala kibodi, imeunganishwa kwa waya tu kwenye ruta ya nyumba.

Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuwasha kipengele kilichokuwa kimezimwa. Prosesa za Intel zilianza kupewa uwezo huu mwaka 2005 na za AMD mwaka 2006. Unairuhusu kompyuta moja iendeshe mifumo kadhaa kwa pamoja bila kuelemewa sana. Kisha akaweka programu iitwayo Proxmox, inayotengenezwa Vienna, Austria. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008, na kuitumia hailipiwi. Chini yake kuna Linux ya aina ya Debian, na ndani ya Linux kuna kitu kinaitwa KVM kilichoingizwa mwaka 2007. KVM ndiyo inayogawa prosesa na memori kwa vyumba. Wazo lenyewe ni la zamani. IBM walikuwa wakilifanya kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960, kwa sababu mashine moja ilikuwa ghali na watu wa kuitumia walikuwa wengi. Tulifurahi kusikia kwamba wakubwa nao walianza kwa kukosa pesa za kununulia nyengine.

Kila chumba kinaitwa mashine pepe. Bibi yetu aliposikia jina hilo aliuliza kama kompyuta imepandwa na pepo, tumsomee Ayatul Kursiyu. Tukamwambia hapana, pepe maana yake ni kwamba haipo kwa chuma chake peke yake. Kila mashine pepe inajidhani ni kompyuta kamili. Ina memori yake, diski yake, na mfumo endeshi wake. Kwa kweli imekatiwa kipande tu cha ile kompyuta moja, kama vile unavyokata nguo tatu kutoka jora moja. Ukishakata, kipande cha nguo hii hakijui habari za kipande cha nguo ile. Na zote tatu zinafanya kazi saa hiyo hiyo, bila kuzima na kuwasha.

Baraza, chumba cha kazi, na ndani

Nyumba zetu za Kiswahili zina adabu yake. Mgeni anakaa barazani. Anayejulikana anaingia ukumbini. Ndani haingii ila mwenyewe. Katika Surat An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tupige hodi na tutoe salamu. Katika sura hiyo hiyo tumetajiwa nyakati tatu, kabla ya Alfajiri, mchana watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Isha, ambapo hata watoto wa nyumbani wabishe hodi. Tulikaa na mtoto wetu tukapanga seva kwa adabu hiyo hiyo.

Baraza ni mashine pepe ya kwanza, ina Linux Mint na memori ya GB 4. Hii ina intaneti. Flashi ya mteja, picha ya nakshi aliyoipata mtandaoni, kadi ya kuchapisha, vyote vinafunguliwa hapa na hapa tu. Kabla ya kufungua flashi ya mtu tunaigandisha hali ya mashine kama ilivyo. Tukimaliza tunairejesha pale pale tulipoigandisha. Kama kulikuwa na uchafu umeingia, unaondoka nao. Ni kama kupiga deki baraza baada ya wageni.

Chumba cha kazi kina Windows 7, na kina sababu. Programu ya nakshi tuliyopewa pamoja na mashine ya kutarizi haikubali Windows mpya. Lakini Windows 7 iliachwa kutunzwa na Microsoft tangu tarehe 14 Januari 2020. Haipati tena marekebisho ya usalama, na kuiweka kwenye intaneti ni kulala mlango wazi. Kwa hiyo tuliipa memori ya GB 4 na hatukuipa kadi ya mtandao kabisa. Haijui kama kuna dunia. Tunaiona kupitia kivinjari cha kompyuta ya mkononi, kwa sababu Proxmox inaionyesha skrini yake bila chumba chenyewe kuwa na mtandao. Ule ufunguo wa USB wa programu tuliuchomeka kwenye seva tukaukabidhi kwa chumba hiki peke yake. Nakshi ikikamilika inatoka kwa faili la PES, kwenye flashi moja nyekundu tuliyoifunga uzi, inakwenda kwenye mashine ya kutarizi. Mchoro wa mteja ukitakiwa kuingia humu, unatoka barazani ukiwa picha tupu, kwa flashi hiyo hiyo nyekundu. Mchoro wa nakshi tu. Picha ya mtu haipandi flashi ile.

Wengine mtauliza kuhusu uhalali. Na sisi tuliuliza. Windows yetu ni ile ya kununuliwa kwenye boksi peke yake. Leseni ya namna hiyo inaruhusiwa kuhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyengine, almuradi isitumike kwenye mbili kwa wakati mmoja, nasi tuliifuta kwenye ile ya zamani. Programu ya kuiba hatukuitaka ndani ya kazi inayotafuta baraka. Na Linux ni bure kwa idhini ya wenyewe, hamna haja ya kuiba.

Ndani kuna Debian, memori GB 4, na programu ya Nextcloud ya kuhifadhia picha. Chumba hiki hakifikiwi kutoka nje ya nyumba. Simu moja tu ya kazi, isiyo na laini, ndiyo inayopiga picha za kupimia, inazipeleka ndani kupitia wai-fai ya nyumba, kisha zinafutwa kwenye simu. Diski yake imefungwa kwa neno la siri. Mtu akiiba seva nzima akaenda nayo kwake, atapata chuma.

Jumla ni GB 12 kwa vyumba vitatu, na zilizobaki ni za nyumba yenyewe. Umeme wake tuliupima, ni kama wati 40. Ikiwaka mchana na usiku, haifiki uniti moja kwa siku.

Saa ya kutia neno la siri

Tunataka tuwasimulie dakika tano hizi, kwa sababu ndizo zilizotufundisha zaidi kuliko mambo yote ya memori na diski.

Mtoto wa kaka yetu alikuwa ameshaweka kila kitu. Ikaja sehemu ya kutia neno la siri la diski ya ndani. Alisimama, akatuachia kiti. "Shangazi, hapa natoka. Mkimaliza niiteni." Akakaa nje kwenye ngazi.

Kwetu sisi dada wawili yeye ni mahram. Kwa mabibi harusi wetu si mahram, na alilijua hilo kabla hatujamwambia. Tuliandika sentensi ndefu ambayo sote watatu tunaikumbuka, tukaitia mara mbili. Aliporudi akatwambia jambo ambalo mtu mwengine angelinyamazia: "Mwenye ufunguo wa Proxmox ana nguvu juu ya vyumba vyote. Chumba kikiwa kimewashwa, mtu huyo anaweza kukifikia. Kwa hiyo na ufunguo huo badilisheni, nisiujue." Tukaubadilisha. Tangu siku hiyo akitaka kurekebisha kitu anabisha hodi, sisi ndio tunaofungua, na chumba cha ndani kinakuwa kimezimwa.

Mtume Muhammad (S.A.W) alipohama Makka alimwacha nyuma Sayyidna Ali ili awarejeshee watu amana zao, na wenye amana hizo walikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakimfanyia uadui. Tuliisikia habari hii tangu utotoni kama habari ya dhahabu na fedha. Siku ile tulipomwona kijana wetu amekaa kwenye ngazi na mgongo wake kautupa mlangoni, tuliiona kwa macho.

Nyumba ikiungua

Tusiwadanganye kwamba ni raha tupu. Vyumba vitatu chini ya paa moja maana yake paa likianguka limeanguka kwa wote.

Umeme wa kisiwa chetu mnaujua. Unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na wakubwa hawajasahau tulivyokaa gizani karibu miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi si hivyo, lakini ukipunguka na kuzidi ghafla bado unatisha. Tumeweka UPS ndogo inayotupa muda wa kuzima kwa utulivu. Umeme ukirudi, baraza na chumba cha kazi vinaamka vyenyewe. Ndani hakuamki mpaka mmoja wetu atie neno la siri. Mwanzoni tuliona ni usumbufu. Sasa tunaona ndivyo inavyotakiwa, chumba cha ndani kisifunguke bila mwenyewe kuwapo.

Mwaka jana, Mfunguo Mosi, diski ilikufa. Ilikuwa Jumanne, na kulikuwa na nguo mbili za Alhamisi. Tuliwahi kudhani kule kugandisha hali ya mashine ndiko kuhifadhi. Siko. Ile hali iliyogandishwa inakaa ndani ya diski ile ile, ikifa imekufa nayo. Kilichotuokoa ni nakala za akiba tunazozitoa kila Ijumaa kwenye diski ya nje, inayowekwa kabatini na kufungwa. Diski mpya ilitiwa adhuhuri, Proxmox ikawekwa upya, nakala zikarudishwa, na baada ya Laasiri chumba cha kazi kiliwaka kikiwa vile vile kama Ijumaa. Tulichopoteza ni kazi ya tangu Jumamosi, nakshi ya mkono mmoja ambayo mdogo wetu aliichora upya usiku huo huo akinung'unika. Nguo zilitoka Alhamisi asubuhi.

Nakala ya chumba cha ndani inatoka ikiwa imefungwa kama diski yenyewe, kwa hiyo hata ile diski ya kabatini haisomeki bila neno la siri. Na tunaweka nakala mbili za mwisho tu. Mpya ikiingia, ya zamani inafutwa. Maana yake ni kwamba picha tuliyoifuta leo, Ijumaa mbili zikipita haimo hata kwenye akiba. Hili tulilisisitiza sisi wenyewe. Kufuta mbele ya mteja na kubakisha kabatini ni uongo.

Lipo na ambalo seva haiwezi kulifanya. Picha inayotoka Muscat imeshapita kwenye simu na kwenye mtandao kabla ya kutufikia sisi. Tunamwambia bi harusi hivyo bila kumficha. Tunamfundisha yeye na dada yake kupima kwa futikamba na kutuma namba, na kama lazima iwe picha, basi avae nguo ya kubana yenye mikono na kichwa kisionekane.

Mwulize fundi wako

Hatusemi kila fundi awe na seva. Mwenye simu moja anaweza kuwa mwaminifu kuliko sisi. Lakini wewe unayeolewa una haki ya kuuliza, na usione haya. Uliza mambo haya kabla ya kuvua mtandio:

Picha yangu itapigwa kwa simu ya nani, na simu hiyo inashikwa na nani mwengine?

Itahifadhiwa wapi, na inafunguliwa na nani?

Itafutwa lini, na nakala yake je?

Itaonyeshwa kwa wateja wengine? Kama ndiyo, nimekupa idhini?

Fundi mzuri atajibu bila kununa. Akikwambia "usijali" na asiseme zaidi, basi jali. Nasi tulikuwa tukisema "usijali" hivyo hivyo.

Na nyinyi wenzetu wa biashara, wapambaji, wapiga singo, wapiga picha wa kike, kama mnataka kuanza, anzeni na moja tu. Tafuteni kompyuta ya zamani yenye memori ya kutosha, watenganisheni wageni na wa ndani, na msisahau nakala. Kijana wa kukusaidieni hamtamkosa katika ukoo. Tafuteni yule anayejua kutoka nje wakati wa neno la siri.

Stuli karibu na mlango

Tunamalizia na hili, kwa idhini yake.

Mwezi wa Rajabu uliopita aliingia dukani mwanamke amembeba mtoto, na nyuma yake binti mwembamba amejifunika vizuri. Hatukumtambua mpaka alipokaa kwenye stuli ile ile. Alikuja na mdogo wake anayeolewa. Alisema mama yake hajui kama amekuja kwetu.

Hakutaka kutazama vitambaa. Aliuliza, "Picha zake zitakaa wapi?"

Tulimwonyesha. Rafu, sanduku jeusi, vyumba vitatu kwenye skrini. Tulimwonyesha chumba cha ndani kikiwa kimezimwa, tukakiwasha, kikaomba neno la siri. Tulimweleza nani analijua na nani halijui. Tulimwambia kwamba mdogo wake akishachukua nguo, atapewa picha zake mkononi mwake, kisha zitafutwa mbele yake, na Ijumaa mbili baadaye hazitakuwepo popote kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto akawa anavuta utepe wa lesi, akamwacha avute.

Kisha akauliza tena lile suala lake, kwa sauti ile ile: "Wataziona wangapi?"

"Watatu," tukamwambia. "Sisi."

Alimgeukia mdogo wake, akamwambia avue mtandio apimwe.

Mwenyezi Mungu atusitiri sote duniani na Akhera, azisitiri aibu zetu na za watoto wetu, na atujaalie tuwe katika wale wanaochunga amana. Mabibi harusi wa Mfunguo Mosi, Allah azitie baraka ndoa zenu. Amin.